Kizibo cha Chupa Si Kipimo

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja masharti mawili ya maendeleo: juhudi na maarifa. Katika mabonde ya Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, sharti la kwanza linatimizwa kila alfajiri. Mkulima wa mboga hubeba mgongoni bomba la lita 15, akapita tuta baada ya tuta. Sharti la pili ndilo lililosahauliwa. Dawa hupimwa kwa kizibo cha chupa, kwa kutazama rangi ya maji, au kwa ushauri wa mwenye duka ambaye faida yake huongezeka kadiri chupa zinavyokwisha.

Hapo hapo Kinyerezi ipo mitambo inayofua umeme kwa gesi kutoka kusini. Hakuna mhandisi ambaye angethubutu kuiendesha kwa kukisia hata siku moja. Kwa nini basi sumu inayofika katika chungu cha mwananchi ikisiwe?

Wapo wasomi wanaojibu kwamba mkulima mdogo hana elimu ya mambo hayo. Jibu hilo ni kasumba. Bomba halina miujiza. Mpini husukuma pampu, pampu huleta mgandamizo, na mgandamizo huyapitisha maji katika tundu la pua yakavunjika kuwa matone. Kiasi kinachoangukia mimea hutegemea ukubwa wa tundu, nguvu ya mgandamizo na mwendo wa mpuliziaji. Lebo ya chupa haiwezi kujua mwendo wa miguu ya mtu. Ndiyo maana kila mpuliziaji hana budi kujipima, na kujipima tena pua inapochakaa, maana tundu lililolika humwaga zaidi.

Kupima kwenyewe ni hesabu ya shule ya msingi. Eneo la mita 10 kwa 10 hupimwa kwa kamba. Bomba hutiwa maji matupu yaliyopimwa, na eneo lote hupuliziwa kwa mwendo wa kawaida. Maji yaliyobaki hupimwa. Ikiwa lita 3 zimetumika, hekta moja itahitaji lita 300, yaani mabomba 20. Lebo ikiagiza lita moja ya dawa kwa hekta, kila bomba litatiwa mililita 50, wala si zaidi. Lakini mpuliziaji akipunguza mwendo kwa nusu, ardhi ile ile itapata dawa maradufu, hata kama kipimo cha bomba hakikubadilika.

Gharama ya kukisia hulipwa na wengi. Dawa ikizidi, fedha ya mkulima hupotea, mpuliziaji asiye na kinga huidhuru afya yake, mlaji hubakiziwa sumu kwenye majani, na mvua huikokota nyingine hadi Mto Msimbazi. Ikipungua, wadudu sugu husalimika na kuzaana, na msimu unaofuata dawa ile ile haifui dafu.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka ya kusimamia viuatilifu. Hilo ni jambo jema, lakini sheria haishiki mpini wa bomba. Mabwana na mabibi shamba waache kungoja semina. Washuke bondeni na kamba, ndoo na chupa yenye alama za vipimo. Walimu wanaofundisha eneo na ujazo ubaoni wawatoe wanafunzi hadi bustani ya shule, wakapime kwa bomba lenye maji matupu. Mtumishi wa umma anayemlipa kijana apulizie dawa katika shamba lake la Kinyerezi ampe glavu, buti, kinga ya pua na kipimo, kabla ya kumpa ujira.

Msomi alisomeshwa kwa jasho la mkulima. Deni hilo halilipwi kwa hotuba za ofisini. Hulipwa tutani, siku mkulima atakapoijua hesabu hiyo na kukitupa kizibo.