Usijaze fomu kwa mkumbo!

Wiki hii tuyaweke kando mapenzi na mitoko. Kuna jambo limenikaa rohoni.

Juzi Jumapili nimejikalia zangu barazani, akaja binti wa jirani, yuko kidato cha nne.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Za shule?"

Akanipa karatasi. Ni machaguo yake ya tahasusi, kesho yake apeleke kwa mwalimu yaingie kwenye selifomu. La kwanza: CBG.

"Unataka kuwa nani, mdogo wangu?"

"Daktari."

"Sasa Fizikia mbona umeikimbia?"

Akacheka kwa aibu. Eti mashosti zake wote wamejaza CBG, na Fizikia ni ngumu. Kumbe mtihani wa moko kapata C! Mazee, nilijiona mwenyewe kwenye kioo.

Mimi yalinikuta hivi. Kidato cha tatu, shuleni kwetu tuliruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Kundi letu zima tukaacha, tena kwa shangwe. Mwalimu wa ushauri nasaha tulikuwa naye, ila tulimjua kama mtu wa kupelekewa watoro na watukutu. Hakuna aliyetukalisha chini kutuambia ni mlango gani tunaufunga. Matokeo yakatoka, nikataka stashahada ya utabibu. Biolojia nina C safi. Chuoni wakaniuliza: Fizikia iko wapi? Kemia je? Nikarudi nyumbani na bahasha yangu kwapani. Mama hakusema neno, alinipakulia chakula tu. Kimya kile kiliniuma kuliko fimbo.

Ndiyo maana nikamwambia yule binti: anzia mwisho, urudi nyuma. Ukitaka shahada ya udaktari, vyuo vikuu vinadai Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, za kidato cha sita. CBG haikufikishi. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo unaoonyesha kila kozi inataka masomo gani, na uko bure mtandaoni. Wengi wanaufungua siku ya kuomba chuo, wakati maji yameshamwagika miaka miwili nyuma. Usome kabla ya kuchagua tahasusi! Na tangu serikali ilipotangaza tahasusi 65 badala ya 16, Machi 2024, kubahatisha ndio balaa kabisa.

Ulishajaza ndivyo sivyo? Usijinyonge. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Tamisemi hufungua dirisha la kubadili machaguo. Lina siku zake, ukilala linafungwa.

Na nyie walimu wetu, shikamooni. Najua darasa moja lina watoto kibao na vipindi havipungui. Lakini mkishindwa kumwita mmoja mmoja, bandikeni basi ukutani: kozi hii, masomo haya. Karatasi moja tu ingeniokoa mimi.

Binti alifuta CBG, akaandika PCB. Halafu akanikazia macho: "Sasa kaka, Fizikia utanifundisha wewe?"

Nikaishiwa pozi! Nimfundishe nini, na mimi niliikimbia? Nikampeleka kwa mshikaji wangu wa mtaa wa pili anayefundisha tuisheni. Jumamosi wanaanza.

Wewe je, fomu yako uliijaza kwa akili yako au ya shosti? Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.