Aliyempa mtoto bastola naye ana kesi

Katika jimbo la Michigan, Marekani, baba mmoja alimnunulia kijana wake wa miaka 15 bastola. Kesho yake mama akampeleka kwenye uwanja wa shabaha ajifunze kulenga. Siku tatu baadaye, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2021, kijana akaua wanafunzi 4 katika shule yake ya Oxford.

Kulenga alifundishwa. Lakini kufuli ya bastola ilikutwa nyumbani ingali ndani ya pakiti yake. Kumfundisha mtoto silaha bila kuifungia ni kumpa silaha tu.

Asubuhi ileile shule iliwaita wazazi, ikawaonyesha bunduki aliyoichora na maneno ya kuomba msaada. Hawakutaja bastola, wala hawakumrudisha nyumbani. (Shule nayo haikufungua mkoba wake.)

Wapo wanaosema mzazi asifungwe kwa kosa la mtoto. Ila James na Jennifer Crumbley walifungwa kwa makosa yao wenyewe: mwaka 2024 kila mmoja alipewa miaka 10 hadi 15, kwa kuua bila kukusudia. Kijana alikuwa amekwisha hukumiwa kifungo cha maisha.