Msifute Barua Msizozisoma

Sisi wanafunzi tunaojifunza kutunza seva za Linux tuna desturi moja ninayoipinga. Mtu akiingia kwenye mashine na kuarifiwa kuwa ana barua mpya, haulizi zimetoka wapi. Anaandika amri moja, faili lake katika /var/mail linabaki tupu, naye anajisifu kwamba amesafisha. Mimi nasema hajasafisha. Amemziba mjumbe mdomo.

Nyingi ya barua hizo hutoka kwa cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba. Kazi ikitoa maneno yoyote, hata yasiyo ya kosa, cron humtumia mwenyewe kwa barua. Kazi inayoendeshwa kila dakika 5 na kulalamika kila mara huleta barua 288 kwa siku, na zote hurundikana katika faili moja.

Najua utetezi wa wenzangu: barua ni nyingi mno, hazisomeki, tena zinajaza diski. Ni kweli. Lakini ndani ya rundo hilohilo ndimo linamokaa onyo la smartd kwamba diski inaharibika, au la mdadm kwamba diski moja ya RAID imekufa. Anayefuta zote kwa pamoja humwaga punje pamoja na pumba. Wapo pia wanaoandika MAILTO="" juu ya ratiba yao ili wasisikie lolote. Hao nakala zao za akiba zinaweza kushindwa mwezi mzima wasijue, hadi siku watakapozihitaji.

Isitoshe, kufuta si tiba, kwani kesho cron itaandika tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuanze kwa kusoma: amri ya mail huonyesha vichwa vya barua, na kazi inayojirudia hujulikana mara moja. Turekebishe kazi hiyo. Ikiwa inapiga porojo tu, maneno yake ya kawaida tuyaelekeze /dev/null, ila ya makosa tuyaache yapite. Barua za root tuzielekeze, kupitia /etc/aliases, kwa mtu anayezisoma kweli. Hapo ndipo tufute, kwa kumwaga yaliyomo na kuliacha faili lenyewe, ili umiliki na ruhusa zake zisibadilike.

Nanyi walimu wetu, msitupe alama kwa sababu kisanduku ni kitupu. Tuulizeni kwanza barua zilisema nini.