Bei ya mahindi redioni haitoshi, mkulima anahitaji kipaza sauti

REDIO za jamii zinapozungumzwa katika masuala ya kilimo, husifiwa zaidi kwa jambo moja: zinamsomea mkulima bei za soko. Ni sifa ya haki. Hata hivyo, ukipiga hesabu utaona kwamba kusoma bei ni kazi ndogo miongoni mwa zile ambazo redio ya kijiji inaweza kumfanyia mkulima. Kazi kubwa ni ile inayogusa mizani, ushuru na fedha za halmashauri, na hiyo ndiyo kazi isiyo na mfadhili.

Uganda ndiko suala hili lilikopimwa vizuri zaidi. Kuanzia mwaka 2000, mradi wa taarifa za masoko ulikusanya bei za mazao katika wilaya 21 na kuzitangaza kupitia redio za FM za huko huko wilayani, kwa lugha za wenyeji. Wachumi wawili, Jakob Svensson na David Yanagizawa, walilinganisha bei ya mahindi shambani kwa kaya zenye redio na zisizo nayo. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2009 yalionyesha kuwa katika wilaya za mradi, wakulima wenye redio walipata bei ya juu kwa takriban asilimia 15. Sababu yake haina siri. Mlanguzi akifika na kusema soko limeshuka, mwenye redio anajua kama ni kweli, na asiye nayo anakubali tu.

Wachumi hao hawakuishia hapo. Katika uchambuzi wao wa baadaye walitazama soko zima badala ya kaya moja moja, na picha ikabadilika. Matangazo yalikuwa yakiwafikia mamilioni ya wakulima, hivyo mazao mengi zaidi yakaingia sokoni na bei za mjini zenyewe zikaathirika. Kwa wastani, ongezeko la mapato likayeyuka. Waliosikia matangazo walinufaika, lakini wasioyasikia waliumia, kwa kuwa waliikuta bei imeshuka na bado hawakuwa na taarifa ya kuwasaidia kubishana.

Hapo ndipo penye funzo ambalo watunga miradi wengi hulipita. Bei ni taarifa inayomsaidia mtu dhidi ya mwenzake na dhidi ya mlanguzi, lakini haibadilishi kanuni za soko lenyewe. Kinachobadilisha kanuni ni wakulima kusema kwa pamoja, hadharani, mahali ambapo mwenye mamlaka anasikia na analazimika kujibu.

Chukua suala la lumbesa. Tuseme kilo ya mahindi ni Sh600, hivyo gunia la kilo 100 ni Sh60,000. Faida ya asilimia 15 iliyoonekana Uganda ni sawa na Sh9,000 kwa gunia hilo. Sasa mnunuzi akidai gunia lishonewe kichwa hadi lifike kilo 120 na alipe bei ya gunia moja, mkulima amepoteza kilo 20, yaani Sh12,000. Bei nzuri aliyoisikia redioni imeliwa yote na kilemba cha gunia, na deni juu yake. Nchini Tanzania lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo husisitiza mazao yauzwe kwa mizani, lakini marufuku inayojulikana ofisini pekee haimsaidii mtu aliyesimama shambani jioni, gari likiwa linanguruma.

Ushuru wa mazao nao una kisa chake. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, Serikali ya Tanzania ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia tano hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula, na ikaondoa tozo kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mfanyabiashara mdogo mwenye magunia tisa ya kilo 100 akawa ameokolewa. Asiyejua alikuwa katika hatari ya kuendelea kulipa kwenye geti, pengine bila stakabadhi. Na hapa lumbesa inarudi kwa mlango wa nyuma, kwani magunia hayo hayo tisa yakijazwa kilo 120 kila moja ni kilo 1,080, na msamaha umekwisha.

Habari za namna hii haziwezi kumalizwa na tangazo la dakika mbili baada ya taarifa ya habari. Zinahitaji mtu apige simu studio aseme ni geti gani, siku gani, alitozwa kiasi gani. Kisha mtangazaji amtafute mweka hazina wa halmashauri kwa jina la cheo chake na kumwuliza. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016, na Uganda ilitangulia mwaka 2005. Sheria hizo zipo vitabuni. Mkulima mmoja akiandika barua ya kuomba hesabu za ushuru wa soko lake, barua hiyo inaweza kukaa kwenye faili. Swali lile lile likiulizwa hewani wilaya nzima ikisikiliza, kulikalia ni kazi ngumu zaidi.

Wapo wanaodai kwamba simu ya mkononi imeshaichukua kazi ya redio. Kwa upande wa bei, madai hayo yana ukweli, maana mwenye simu anaweza kumpigia ndugu yake mjini na kupata bei ya asubuhi hiyo. Lakini simu ni mazungumzo ya wawili, na hata makundi ya simu huwa ya wanaojuana. Mweka hazina hayumo humo.

Swali gumu ni nani anayelipa. Kwa lugha ya uchumi, matangazo ya redio ni kama taa ya barabarani: anayechangia na asiyechangia wanaangaziwa sawa, hivyo kila mmoja anangoja mwenzake alipe. Ndiyo maana redio nyingi za jamii huanza kwa fedha za wafadhili, ambazo zina mwisho. Mradi ukifungwa, umeme bado unadai, ada ya leseni inadai, mtambo unaharibika. Anayebaki na fedha ni muuza mbegu na mbolea, halmashauri, au mgombea ubunge. Hakuna ubaya kupokea tangazo la muuza mbegu. Ubaya ni pale mbegu zake zinapokataa kuota na redio ikakosa ulimi wa kulisema hilo.

Kenya ilijaribu kuweka uzio. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009 iliitambua redio ya jamii kama daraja lake lenyewe, mbali na redio ya umma na ya biashara, na ikaibana katika matangazo ya kibiashara: yawe yanayoihusu jamii ya eneo lake. Uzio huo unalinda tabia ya redio, lakini pia unaikata mkono mmoja wa kutafutia riziki. Redio Mang'elete ya Kibwezi, Makueni, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2004, ilikuwa na jibu tofauti kidogo, kwani mwenye mali pale ni vikundi vya akina mama wenyewe. Kabla ya mtambo kulikuwa na vikundi, na hilo linaleta tofauti kubwa kuliko aina ya mtambo.

Mfano mkubwa kuliko yote wa wasikilizaji kujilipia uko mbali, Bolivia huko Amerika ya Kusini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wachimbaji wa madini ya bati walianzisha redio zao na kuzilipia kwa kukatwa sehemu ya mishahara. Zilifikia zaidi ya 20. Jeshi lilipofanya mapinduzi Julai 1980, redio hizo ziliungana kupeana habari hadi askari walipoziteka moja baada ya nyingine. Lakini pigo zito lililetwa na soko. Bei ya bati iliporomoka mwaka 1985, wachimbaji zaidi ya 20,000 wakapunguzwa kazi, na makato yaliyokuwa yakizilisha redio yakakauka. Redio inayolipiwa na zao moja hufa na zao hilo, jambo ambalo wakulima wa korosho, pamba na kahawa wanapaswa kulitazama kwa makini.

Wala fedha si kikwazo pekee. Jijini Kampala kulikuwa na ebimeeza, mijadala ya wazi ambayo wananchi walikaa mezani na kusema huku redio ikirusha moja kwa moja. Wauza duka, madereva na wanasiasa walishika kipaza sauti kimoja. Baada ya ghasia za Septemba 2009, Serikali ya Uganda iliifungia redio CBS ya Buganda pamoja na nyingine, na ikapiga marufuku ebimeeza. CBS ilirejea hewani Oktoba 2010, baada ya zaidi ya mwaka mzima. Kwa muda wote huo mkulima wa Buganda aliyeitegemea kwa mijadala alikosa pia matangazo yake mengine yote, kwa kuwa mtambo ni mmoja.

Kwa wakulima walio katika vyama vya ushirika, hesabu ya kuanzia si ya kutisha. Chama chenye wanachama 2,000, kila mmoja akiuza magunia 10 na kuchangia Sh500 kwa gunia, kinapata Sh10 milioni kwa msimu. Haziwezi kulipa mishahara minono, lakini zinaweza kusaidia umeme, nauli za waandishi wa kujitolea na matengenezo. Tatizo ni kwamba neno makato lina historia mbaya miongoni mwa wakulima, na wana sababu. Wamekatwa kwa mambo mengi wasiyoyaona. Itabidi fedha hizo ziwe na daftari lake, zisipitie mfuko wa jumla wa chama, na mapato na matumizi yasomwe hewani kila mwezi, kabla redio hiyo haijaanza kumwuliza mweka hazina wa halmashauri ya kwake.