Shamba la Zinga na Cheo cha Ubobezi



Ijumaa iliyopita, baada ya Swala ya Alasiri, alinijia nyumbani hapa Bagamoyo mama mmoja wa mtaa wetu, mtu wa makamo yangu. Akakaa barazani, akaniomba radhi mapema kwamba neno lake ni refu. Mwanawe ni daktari. Mwaka huu anamaliza masomo ya ubingwa wa maradhi ya watoto, na walimu wake wamemshauri aunganishe moja kwa moja na ubobezi wa damu na saratani za watoto. Kijana amekataa. Ataka kurejea pwani, afanye kazi katika hospitali ya wilaya, akae na mkewe na wanawe wawili.

"Maalim," alisema, "nimekuja unisemee naye. Watu nimekwishawaambia kuwa mwanangu atakuwa bobezi. Na lile shamba lililobaki Zinga nimelipatia mnunuzi."

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, na nitalirudia.

Yafaa kwanza tuijue ngazi yenyewe, kwani wazazi wengi huyasikia maneno bingwa na bobezi redioni bila ya kuyapambanua. Shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 5. Hufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, ndipo daktari asajiliwe kikamilifu na Baraza la Madaktari. Anayetaka ubingwa hurudi chuoni kwa miaka 3, na fani nyingine 4. Ubobezi huja juu ya ubingwa, nao ni miaka 2 au zaidi. Aliyeingia chuo akiwa na umri wa miaka 20, asipoteze hata mwaka mmoja kwa kungoja ajira wala nafasi ya masomo, atakuwa bobezi akiwa na miaka 31. Wasiopoteza mwaka ni wachache mno. Wengi hufika huko wakiwa na miaka 35 na kuendelea, wana wake na watoto, na Bodi ya Mikopo ikiwakata asilimia 15 ya mshahara tangu siku walipoajiriwa.

Mama yule alidhani mwanawe anaacha safari njiani. Alilinganisha na mtoto aliyetoka kidato cha pili. Nilimweleza kuwa daktari bingwa wa watoto amehitimu, na kwamba ziko wilaya zinazotamani kumpata mmoja tu zikamkosa. Hakuridhika. Akasema, sasa mbona Muhimbili wanaoheshimiwa ni mabobezi?

Ni swali la haki, kwani heshima ya cheo ni kitu kinachowavuta wasomi tangu kale. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika ile sehemu ya Ihyaa inayohusu elimu, aliuhesabu utabibu kuwa ni katika fardhi kifaya. Akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana katika fiqhi ya mabishano, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu hata mmoja. Sababu aliyoitaja haikuwa ya kupendeza: fiqhi ilimfikisha mtu kwenye ukadhi, usimamizi wa wakfu na mali za mayatima, na kutangulizwa mbele ya wenzake. Utabibu haukumpa hayo.

Leo utabibu nao una safu zake za mbele, na mambo ni yale yale. Fardhi kifaya huangalia pengo liko wapi. Wakiwapo wa kutosha mahali fulani, mzigo umeondoka hapo, lakini haujaondoka mahali pengine. Kwa hiyo anayejiuliza asome tena au asisome aangalie ni pengo lipi atakaloziba, na watu gani watamkosa atakapokuwa hayupo.

Tuchukue maradhi yenyewe aliyotakiwa kijana huyu ayabobee. Selimundu sisi watu wa pwani tunaijua majumbani mwetu. Yakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye maradhi hayo kila mwaka, na nchi yetu ni katika chache zinazoongoza duniani. Mtoto huyo ahitaji nini? Ahitaji kutambuliwa mapema, apewe penisilini ya kumkinga na maambukizi katika miaka yake ya mwanzo, asidi ya foliki, chanjo, kinga ya malaria, na haidroksiyurea kwa anayestahili. Juu ya yote, ahitaji daktari mmoja anayemjua na kumwona mwezi baada ya mwezi. Hakuna katika hayo lililo nje ya uwezo wa bingwa wa watoto. Mama atokaye Mkwaja au Saadani huenda akapata nauli ya kumfikisha mtoto Bagamoyo. Ya kumfikisha Muhimbili, na ya kulala huko siku tatu, mara nyingi hana.

Sisemi haya kuudharau ubobezi. Mtoto mwenye saratani ya damu hatibiwi kwa nia njema ya daktari wa wilaya. Ahitaji mtu aliyesomea hilo, na maabara, na wauguzi waliofunzwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imekwishaanza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, kazi ambayo bila mabobezi tungeendelea kuifuata ng'ambo. Kijana ambaye moyo wake uko huko, na nafasi imemfungukia, aende, na sisi tumwombee dua. Serikali nayo imekuwa ikitoa ufadhili wa masomo hayo, na anayesomeshwa hivyo hana haja ya kuuza hata mnazi mmoja.

Lakini ubobezi hufuata vifaa. Bingwa wa moyo aliyebobea katika kuzibua mishipa hana la kuzibulia Bagamoyo. Atakaa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo au mfano wake. Anayeuchagua ubobezi, kwa sehemu kubwa, amechagua na mji wa kuishi. Wazazi wanaosema "asome kisha arudi karibu nasi" walijue hilo kabla ya kusema.

Wako pia wanaodhani kila daraja huongeza kipato. Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa fani nyingi za ubobezi wa watoto humwacha daktari, kwa hesabu ya maisha yake yote, na kipato kidogo kuliko mwenzake aliyebaki daktari wa watoto wa kawaida, kwa sababu ya miaka aliyoitumia masomoni. Mishahara ya huko si ya huku, ila hesabu ya miaka ni ile ile.

Kijana nilimpigia simu usiku ule. Nilitaka kujua anakimbia kitu au anakifuata, maana kuchoka nako huvaa kanzu ya hekima. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Maalim, kuchoka nimechoka, sikufichi. Lakini hata nisingechoka, ningerudi. Watoto tunaowapokea wamechelewa, nami nataka kuwa pale wanapochelewea." Nikamuuliza kama amemwambia mama yake hivyo. Akasema hakupata nafasi, kwa kuwa kila akianza, mama hulia.

Nililokosa kulisikia, kwa mama na kwa mwana, ni jina la mke. Miaka mitatu hii mwanamke yule amelea watoto wawili kwa mshahara wa ualimu, na mumewe akija nyumbani kwa zamu. Katika shauri hili lote hakuna aliyemuuliza. Shura isiyomhusisha atakayebeba mzigo sijui tuiite nini.

Sasa shamba. Ni mali ya mama mwenyewe, aliirithi kwa babake, na ana haki ya kuiuza. Nusu ya kwanza iliuzwa kulipia ubingwa. Tangu zilipoenea habari za bandari ya Mbegani, ardhi ya Zinga si ile tuliyoijua, na iliyobaki ina thamani kubwa. Ila ana binti watatu. Nilimkumbusha kisa cha sahaba Nuuman bin Bashir, ambaye babake alitaka kumpa kitu peke yake, Mtume (SAW) akauliza kama na watoto wengine wamepewa mfano wake, na alipojibiwa hapana, akakataa kuwa shahidi. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu gharama za masomo na hiba, na sitaki kuyafunga kwa mkato hapa. Nilimwambia tu kwamba mwana mwenyewe hakuomba shamba, na kwamba binti zake wanajua liliuzwa la kwanza, ingawa hawasemi.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na watu niliowaambia?"

Nikamwambia watasahau kabla ya Ramadhani.

Hakucheka. Mnunuzi amepewa ahadi hadi mwisho wa mwezi, na mama amesema atamwita mkwewe Jumapili wazungumze, wao wawili kwanza.