Parke iko kwetu, ramani iko kwingine

Vijana wenzetu wa Goma, wa Kiwanja, wa Rutshuru-centre, na ninyi wote mulio huku na kule juu ya vita,

Tarehe 21 Aprili 2025 Parke ya Virunga ilitimiza miaka 100. Iliundwa mwaka 1925 kwa jina la mufalme Albert wa Ubelgiji, na njo parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Makao yake makuu, Rumangabo, iko katika teritware ya Rutshuru. Mulima Mikeno tunauona asubuhi, kama mawingu yamekubali. Lakini muulize mwanafunzi wa mazingira anayemaliza masomo hapa kwetu: wewe umekwisha kupima nini ndani ya ile parke? Wengi watakujibu: hatukupima kitu, tuliandika tu.

Tuliandika tu. Mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, kisha kuna silabusi ya kununua, na asiyenunua anajua kitakachomupata kwa mitihani. Mumoja wetu alisoma hivyo miaka mitano, katika iniversite moja ambayo jina lake tunaliacha. Somo la takwimu alilipata kwa mifano ya magari yanayouzwa Ulaya. Siku ya TP ya GPS, mwalimu alichora GPS kwenye tablo kwa chaki, na vidude vyake vyote, kisha akaeleza kila kidude ni cha kazi gani. Darasa lilicheka, na mwalimu mwenyewe alicheka. Hatumulaumu, juu naye alifundishwa hivyo hivyo, na hakuna mutu aliyemupatia kile chombo. Lakini yule kijana leo ana diploma ya kuhifadhi mazingira, na siku ya kwanza ya kazi alishindwa kusoma namba mbili zinazosema: uko hapa.

Zile namba mbili zinaweza kumaliza ugomvi ao kuuwasha. Wa Rutshuru munajua. Mipaka ya parke inatoka kwa sheria za wakati wa Wabelgiji, kama ile ya mwaka 1935, na iliandikwa kwa maneno: mupaka unafuata muto fulani, unapita kilima fulani, unafika mahali fulani. Muto unahama, jina la kilima linabadilika, muzee aliyejua anakufa. Kisha mama analima maharagi mahali bibi yake alilima, gardi anamwambia, hapa ni ndani ya parke. Nani ana haki? Wakati mwingine gardi, wakati mwingine mama. Gardi ana chombo mukononi, mama ana kumbukumbu, na kati yao hakuna mutu mwenye kujua kusoma vyote viwili. Yule wa katikati njo alipaswa kutoka iniversite: kijana wa Jomba ao wa Rugari, mwenye kujua ile sheria ya zamani, mwenye kukaa na wazee, na mwenye kuweka alama kwenye ramani bila kudanganya upande wowote. Bila yeye, ugomvi wa metre 50 unaishia kwa fimbo, ao kwa risasi.

Munaweza kusema: elimu ya parke iliendelea siku zote, wanasayansi wanakuja tangu zamani. Ni kweli. Kati ya 1933 na 1935 Mubelgiji Gaston-François de Witte alizunguka parke akikusanya nyoka, vyura, samaki na wadudu kwa maelfu, na mavuno yalienda Ubelgiji. Mwaka 1959 Mumarekani George Schaller alipanda Kabara, upande wetu wa mupaka, kati ya Mikeno na Karisimbi. Mengi ambayo dunia ilijua kwanza juu ya maisha ya ngagi, wale gorila wa milimani, yalitoka pale. Dian Fossey naye alianza kazi yake Kabara, Januari 1967. Miezi sita kisha, fujo ya inchi ilimutoa, akavuka Rwanda na kufungua Karisoke. Kutoka hapo dunia ilisoma ngagi kupitia Karisoke, na Kabara ikasahauliwa. Wale wageni walifanya kazi yao. Swali letu ni juu yetu: miaka hii yote, mutoto wa Rutshuru alikuwa anabeba muzigo wao.

Na kuhesabu si mchezo wa wazungu. Miaka ya 1970 viboko vya Virunga vilihesabiwa karibu 29,000. Mwaka 2005 hesabu ilionyesha chini ya 1,000. Kama hakuna mutu aliyehesabu zamani, leo tungekuwa nasema tu "vilikuwa vingi," na mukubwa yeyote angetujibu "hapana, havikuwa vingi." Wavuvi wa Vitshumbi wanajua maana yake, juu mavi ya kiboko yanalisha maji, na maji yanalisha samaki. Upande wa ngagi hesabu inatupatia furaha kidogo: katika milima ya Virunga, inchi tatu pamoja, walikuwa 480 mwaka 2010, na hesabu ya 2015 na 2016 ikapata 604. Watu walitembea pori yote, wakahesabu vitanda ngagi wanavyotengeneza kila usiku, wakaokota mavi ili maabara itofautishe nyama mumoja na mwingine. Ni jasho na hesabu, na kijana yeyote wa hapa anaweza kujifunza.

Wengine watatuambia: Rutshuru-centre na Kiwanja ziko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Oktoba 2022, Goma tangu mwisho wa Januari 2025, banki zimefungwa, watu wanalala njaa, na ninyi munaleta habari ya masomo? Tunaileta juu ya hiyo vita yenyewe. Mahali muguu haufiki, satelite inapita. Sentinel-2 za Ulaya zinapita juu ya Rutshuru kila siku tano hivi, na picha zake zinaonyesha kipande cha metre 10 kwa 10. Landsat za Marekani zilifunguliwa kwa bure mwaka 2008, na hazina yake inaanza 1972, wakati wazazi wetu wengi walikuwa watoto. Jani zima linakula mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine ambao jicho letu halioni. Satelite inapima yote mawili. Toa wa kwanza kwa wa pili, gawa kwa jumla yao, unapata namba: pori nene inakaribia moja, lava mupya inakaribia sifuri. Hii ni hesabu ya sekondari.

Kazi ngumu inakuja nyuma, na pale njo mutoto wa hapa anamupita mutu wa mbali. Novemba 2011 Nyamulagira ililipuka na kuendelea hadi 2012. Moto wake ulikula pori ndani ya parke. Kwenye picha, ile ni miti iliyopotea. Mwenye kukaa Paris anaweza kuandika "ukataji wa miti," wakati hakuna mutu aliyepika makala pale. Vilevile muraia anapanda mikaratusi yake nje ya parke, anaikata kisha miaka, anauza: satelite inaona pori imeanguka. Na mawingu ya kwetu yanaficha picha kwa wiki nyingi, mupaka utumie zile za rada, kama Sentinel-1, zinazopita ndani ya wingu. Asiyejua udongo atatafsiri vibaya, na tafsiri mbaya inaweza kuleta askari kwa shamba la mutu.

Maswali hayakosekani. Goma inapika kwa makala, sisi wote tunakula sombe iliyoiva juu ya pori ya mutu. Desemba 2015 turbini za Matebe, kwa muto Rutshuru, zilianza kutoa megawati 13. Je, ule umeme ulipunguza kukata miti, ao uliwasha tu taa za wenye uwezo? Hapa kuna TFC kumi za wanafunzi, tayari. Lakini tunaona TFC ngapi zenye kichwa "umuhimu wa mazingira kwa maendeleo"? (Tunaomba radhi, na kwetu kuna walioandika hiyo.)

Tuseme na yetu wenyewe. Julai 2022 Kinshasa ilipopiga munada wa bloke 30 za petroli na gazi, na zingine zikagusa Virunga, tulipiga makelele, na tulikuwa na haki. Oktoba 2024 serikali ilifuta ule munada wa bloke za petroli. Lakini ramani zilizoonyesha bloke zimepanda juu ya parke, tulizipokea kutoka mashirika ya mbali. Siku yale mashirika yakiwa na kazi ingine, tutasimama na nini mukononi?

Kwa hiyo tunaomba wazi. Iniversite na vyuo vya Goma na Rutshuru, TP iwe TP: hata mashini tatu kwa darasa zima, kwa zamu, lakini mwanafunzi aguse. Asiyeonyesha data zake na namna alivyozipata, asipewe diploma ya mazingira. ICCN, ambayo ni mali ya raia, iwape wanafunzi hesabu za zamani, ramani za mimea, na zaidi ya yote mipaka. Si kila kitu: mahali familia ya ngagi inalala leo hapawekwi wazi, juu mwenye mutego naye anajua kusoma, na hakuna mwanafunzi wa kutumwa porini kati ya bunduki kwa sababu ya pwente. Watafiti wanaotoka mbali, mukimaliza acheni kopi hapa, pamoja na njia mulizotumia, katika luga tunayosoma.

Na sisi tusingoje. Programu ya QGIS, inayofungua zile picha na kuchora ramani, ni ya bure, na R ya takwimu pia. Mashini ya giga 8 inatosha, hata ya okazyo. Kinachokula pesa ni mega: picha moja ya Sentinel-2 inaweza kupita mega 500, kwa hiyo mumoja anavuta usiku wakati forfe ni rahisi, wengine wanakopi kwa klé. Anzeni na kipande kati ya Rumangabo na Rugari, mwaka 2015 na mwaka huu. Muzee anayejua ule upande akae karibu nanyi, munapoangalia.