Kukuza picha "bila kupoteza ubora wowote"? Tusidanganyane

Leo nataka tuzungumze juu ya maneno manne yanayouza programu nyingi sana: "bila kupoteza ubora wowote". Tafuta mtandaoni namna ya kukuza picha ndogo na utakutana nayo kila kona. Bonyeza hapa, lipa dola chache, picha yako ya pikseli 480 itakuwa ya pikseli 4,000, bila kupoteza ubora wowote. Na watu wanalipa.

Maoni yangu ni haya, na nayasema kama mtu ambaye kazi yake ni kuandika programu: maneno hayo si kweli, na kuyaamini kunatugharimu. Kunatufanya tuzitupe picha asili kwa kudhani kwamba siku tukizihitaji, tarakilishi itaziunda upya. Haitaziunda. Itaunda kitu kingine kinachofanana nazo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Hesabu ya shule ya msingi

Picha ya dijitali ni jedwali la nambari. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake katika National Bureau of Standards, Marekani, waliskani picha ya mtoto wake mchanga wakapata jedwali la pikseli 176 kwa 176. Ukizidisha ni pikseli 30,976 tu. Mtoto anaonekana kuwa ni mtoto, lakini usitafute pale unywele mmoja mmoja. Kila pikseli ni kipimo cha mwanga kilichochukuliwa mahali fulani, na kati ya kipimo kimoja na kingine mashine haijui kulikuwa na nini.

Kubadilisha ukubwa wa picha, wenyewe twaita kusampuli upya, ni kuchukua jedwali lenye vipimo kadhaa na kutengeneza jingine lenye idadi tofauti. Hebu tuone kwa nambari nne tu:

10, 20, 10, 20

Tuzipunguze ziwe mbili kwa kuchukua wastani wa kila jozi. Tunapata 15, 15. Sasa chukua safu nyingine kabisa:

5, 25, 5, 25

Ipunguze vilevile. Tunapata 15, 15. Na safu ya 15, 15, 15, 15 je? Nayo pia inatoa 15, 15. Safu tatu tofauti, jibu moja. Sasa mimi nikupe hiyo 15, 15 peke yake nikuambie unirudishie safu ya mwanzo. Utachagua ipi? Hata uwe na tarakilishi yenye nguvu kuliko zote duniani, jibu halimo ndani ya hizo nambari mbili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukubwa wa hasara hii watu hawaujui. Picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12. Ipunguze iwe 1,600 kwa 1,200 na umebakiwa na milioni 1.92, yaani asilimia 16. Kwenye skrini ya simu huoni tofauti, na ndiyo maana unaifuta ile kubwa bila wasiwasi.

Kupunguza vizuri ni kutupa kwa makusudi

Kuna jambo linalowashangaza wengi: ukitaka picha ndogo iwe nzuri ni lazima ukubali kutupa. Piga picha paa la mabati kutoka mbali kisha uipunguze kwa njia ya mkato, kwa kuchukua pikseli moja na kuruka tatu. Mikunjo ya mabati itageuka kuwa mistari mipana ya ajabu ambayo fundi hakuitengeneza. Claude Shannon aliieleza kanuni yake mwaka 1949: ili kunasa wimbi sawasawa, lazima upime zaidi ya mara mbili kwa kila wimbi. Ukipima chini ya hapo hukosi wimbi tu, unapata wimbi la uongo.

Kwa hiyo programu nzuri hulainisha kwanza. Huondoa mikunjo ambayo picha ndogo haina nafasi ya kuibeba, ndipo ichukue sampuli. Mtu anayekuambia amepunguza picha bila kupoteza chochote, ama hajui alichofanya ama amekuachia mistari ya uongo.

Kosa jingine ni la mwangaza. Nambari 0 hadi 255 ndani ya faili hazipandi sawa na mwanga wenyewe, maana zimepangwa kufuata jicho la binadamu. Pikseli ya 128 haitoi nusu ya mwanga wa 255, hutoa takriban asilimia 22. Chukua ubao wa miraba midogo, nusu myeusi, nusu myeupe, uupunguze hadi miraba isionekane. Jibu sahihi ni kijivu cha 188 hivi. Programu nyingi huchukua tu wastani wa 0 na 255 na kukupa 128, kijivu cheusi mno. Ndiyo maana taa za jiji usiku au nyota hufifia picha inapopunguzwa. Ukitumia ImageMagick, dawa yake ni kurudi kwenye mwanga wenyewe kabla ya kupunguza:

magick asili.png -colorspace RGB -filter Lanczos -resize 1600x -colorspace sRGB ndogo.png

Kukuza ni kukisia

Tugeukie upande wa pili. Njia nyepesi kabisa ya kukuza ni kurudia kila pikseli, na hiyo ndiyo inayoleta vile vijiboksi. Njia aliyoichapisha Robert Keys mwaka 1981 huangalia majirani 16 kabla ya kukisia pikseli mpya. Ile ya Lanczos, iliyopewa jina la mwanahisabati Cornelius Lanczos wa Hungaria, kwa kawaida huangalia 36. Matokeo yake ni laini zaidi, japo Lanczos huweza kuacha kivuli chembamba kando ya mistari mikali.

Mimi nazipenda njia hizi kwa sababu ni za kweli. Haziongezi habari na hazijifanyi kuongeza. Picha ikikosa habari inakuwa na ukungu, na ule ukungu unakuambia wazi: hapa sijui. Nikiri pia kwamba yako mahali ambapo hakuna hasara. Ukirudia kila pikseli mara mbili halafu ukatoa nakala zile, unarudi ulipoanzia bila tofauti hata ya nambari moja. Na picha iliyopigwa mkono ukitikisika ina pikseli nyingi kuliko habari iliyomo, hivyo ukiipunguza kiasi hupotezi cha maana. Lakini hakuna katika hayo kinachokupa ulichokuwa huna.

Sura ya Obama

Sasa imekuja akili unde, na wauzaji wanasema hesabu ile ya 15, 15 imepitwa na wakati. Haijapitwa. Akili unde imeona picha nyingi mno, kwa hiyo inajua safu gani hutokea mara nyingi, na inakuchagulia moja. Ni kisio la kijanja, lakini ni kisio.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kuukumbuka mfano huu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE iliyochukua sura ya pikseli 16 kwa 16 na kutoa sura ya 1,024 kwa 1,024. Kwa kila pikseli moja iliyoingia zilitoka 4,096. Watu mtandaoni wakaipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi kuwa vijiboksi, ambayo wewe na mimi tungemtambua mara moja. Ikatoa sura safi, kali, yenye kila kitu, ya mwanamume mzungu.

Hebu fikiria jambo hilo. Sura ile ukiipunguza tena inarudi kuwa vijiboksi vinavyokaribiana sana na vile vya mwanzo. Kihesabu ni jibu halali. Ila si Obama. Watafiti wenyewe walieleza kwamba programu yao huunda sura za watu wasiokuwapo na haifai kumtambulisha mtu. Onyo hilo wauzaji hawalibandiki kwenye matangazo yao.

Mahakama zimeanza kulielewa. Machi 2024, jaji katika kaunti ya King, jimbo la Washington, Marekani, aliikataa video iliyoboreshwa kwa akili unde ambayo upande wa utetezi ulitaka kuitumia katika kesi ya mauaji. Lakini mitaani kwetu hakuna jaji. Mtu akitoa sura yenye ukungu kwenye kamera ya duka, akaiboresha, akaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "huyu ndiye mwizi", nani atauliza pikseli zilitoka wapi? Sote twajua mtu anayeitiwa mwizi sokoni hufanywa nini. Picha yenye ukungu ingemwokoa kijana asiye na hatia, kwa kuwa kila mtu angeona haionyeshi kitu. Picha safi ya kukisiwa itamponza.

Na nyumbani ni vivyo hivyo, japo kwa upole. Shosho amefariki, familia inatafuta picha ya kijitabu cha mazishi, na iliyopo ni ile iliyopitishwa kwenye makundi matano ya WhatsApp. Inaboreshwa. Ngozi inakuwa laini, macho yanang'aa, mikunjo ya uso inapangwa upya. Kila mtu anasema amependeza. Miaka 20 baadaye, vitukuu watamjua shosho kwa sura ambayo hakuwa nayo. Mimi naona heri ukungu.

Sisemi akili unde itupwe. Itumie kwenye mandhari ya skrini, tangazo la sabuni au mchezo wa tarakilishi. Kwa sura ya mtu, hati, nambari ya gari au ushahidi wowote, usiitumie. Na ukiitumia popote, iandike hivyo chini ya picha.

Ugonjwa wa 300 DPI

Nusu ya watu wanaotaka kukuza picha hawakuhitaji kuikuza. Wameambiwa na duka la kuchapisha: "Leta picha ya 300 DPI." Wanafungua programu, wanabadilisha 72 iwe 300, wanarudi. Ndugu yangu, nambari ile ni lebo tu. Picha ya pikseli 640 ina pikseli 640 hata ukiiandikia 300 au 3,000. Swali la kuuliza ni moja: pikseli ngapi, kwa inchi ngapi za karatasi?

Hata hiyo 300 si amri ya Mungu. Jicho zima hutofautisha vitu vilivyoachana takriban sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Ukishika karatasi sentimita 30 kutoka usoni, hiyo inakaribia nukta 300 kwa inchi, na ndiyo maana ukurasa wa A4 hudai pikseli 2,480 kwa 3,508. Lakini bango la harambee linalotazamwa kutoka mita 5 linahitaji nukta kama 18 tu kwa inchi. Bango la upana wa mita 3 linatosheka na pikseli 2,100 hivi, na simu ya pikseli milioni 12 inalimudu bila kukuza chochote.

Tufanye nini basi?

Kwanza, weka faili asili pembeni, usiiguse. Kila badiliko lifanye kwenye nakala, na kila ukubwa mpya utoe kwenye asili, si kwenye nakala ya nakala.

Pili, badilisha ukubwa mara moja tu, mwishoni, ukishajua itakapotumika. JPEG hupoteza kidogo kila unapoihifadhi upya baada ya kuihariri, kwa hiyo unapoendelea na kazi tumia PNG au TIFF.

Tatu, unapotuma picha ya maana kwa WhatsApp, itume kama hati, isiende kama picha ya kawaida. Ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa na kubanwa kabla haijaondoka kwenye simu yako.

Nne, nembo ya kampuni, ya kanisa au ya chama ichorwe kwa SVG. Faili hiyo hubeba maelezo ya mistari, si pikseli, kwa hiyo inakaa sawa kwenye kalamu na kwenye ukuta wa ghorofa. Hapo peke yake ndipo maneno yale manne yana ukweli.

Tano, na hili lifanye wikendi hii: picha za wazee wako ziko kwenye simu ya nani? Muulize aliyeipiga, sio aliyeisambaza. Kama ni ya filamu, tafuta karatasi yenyewe au negativu uiskani vizuri. Nakili kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Diski ni bei nafuu kuliko majuto.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika picha, ngama ni lile faili la kwanza. Ukilifuta, huna pa kurejea, hata muuzaji akuahidi nini.

Haya, mimi nimesema. Kama unaona nimekosea hesabu, nionyeshe wapi. Nambari ni zile zile, 15 na 15.